Ngoma ndiyo sifuri: shajara ya mitambo ya sauti, Malindi hadi Lamu

Siku ya 1, Jumatatu. Stoo, Malindi

Mradi ni huu: mitambo ya sauti ya kikundi cha ngoma chenye wachezaji 14, wapigaji 6 na manju 2, kwa maonyesho mawili, uwanja wa Mkunguni mjini Lamu siku ya Jumamosi na Shela siku ya Jumapili. Kikundi kinacheza mwanzele na kayamba za huku Malindi, kisha kirumbizi, vugo na chakacha.

Mitambo inayotumika kwenye kumbi za hapa haitakwenda. Kutoka Mokowe kila kitu kinapanda boti, na kutoka gatini Lamu kinabebwa mabegani, kwa mkokoteni au kwa punda, maana vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Kwa hivyo kila kifaa kimepimwa uzito na upana kabla ya kusikilizwa: kilo 35 mwisho, sentimita 60 mwisho. Spika za besi za inchi 18 zimebaki stoo. Tuliupima msondo, ngoma ndefu ya kikundi, na sauti yake nzito zaidi inakaa kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 70 hadi 90; spika ya inchi 15 yenye kilo 32 inafika hapo bila taabu. Anayetaka besi ya disko ataikosa. Ngoma haiihitaji.

Zilizoingia kwenye orodha: spika kuu 2 za inchi 12, besi 2 za inchi 15, monita 4 za inchi 10 (spika zinazowageukia wachezaji wenyewe), spika ndogo 4 za inchi 8, miksa ya dijitali ya chaneli 18 inayoendeshwa kwa tableti, ruta yake, na maiki 14. Katika hizo maiki, SM58 ni 4 za waimbaji, SM57 ni 4 za ngozi za ngoma, AKG D112 ni 2 za tumbo la ngoma za msondo na vumi, kondensa ndogo ni 2 za kayamba na pembe za vugo, na za sakafuni ni 2 za njuga. Stendi 12, sita kati yake ziwe fupi, maana wapigaji wetu hukaa chini.

Orodha imechapwa nakala tatu, kila kifaa na namba yake ya utambulisho ya kiwandani. Njiani kuna vizuizi vya ukaguzi, na karatasi inayosomeka inaokoa kufungua masanduku yote juani.

Siku ya 2, Jumanne. Kebo

Kebo 24 za maiki zimepimwa moja moja kwa mita ya umeme, pini kwa pini, huku zikitikiswa karibu na jeki. Kutikisa ni lazima: waya uliokatika ndani hupitisha umeme kebo ikilala na huukata ikivutwa. Tano zimekataa.

Tatu ni chumvi. Ukifungua jeki unakuta pini zimevaa unga wa kijani, na shaba imekuwa nyeusi hadi sentimita 2 au 3 ndani ya ganda. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kuunganishia hata uichome vipi; risasi inajikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba, kisha inateleza na kuanguka. Usipambane nayo. Kata kebo mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa, na ukikata sentimita 10 bado ni nyeusi, kebo hiyo imekwisha.

Ya nne imekatika waya wa kinga pale kebo inapoingilia jeki, kwa sababu kibano cha ndani hakikuwa kimefungwa na kila mvuto ulikuwa unaenda moja kwa moja kwenye risasi.

Ya tano ndiyo hatari kuliko zote. Pini ya 2 na ya 3 zimebadilishana mahali. Kebo ya namna hiyo haikwaruzi wala haikatiki, ndiyo maana inaweza kutumika miaka bila kujulikana. Lakini maiki iliyochomekwa kwayo inasukuma pale ambapo mwenzake anavuta, na ngoma yenye maiki mbili inapoteza tumbo lake. Fundi anaongeza besi, besi haiji, anaongeza tena, mwishowe spika ndiyo inayoungua.

Namna ya kurudishia jeki: menya ganda la nje milimita 20, sokota waya wa kinga, menya waya mbili za ndani milimita 5 tu, paka kila ncha risasi kwanza, paka na vikombe vya pini risasi, kisha unganisha. Kinga pini ya 1, waya wa moto pini ya 2, waya wa baridi pini ya 3. Chuma cha kuchomea kiwe kwenye nyuzi 350 hivi na kiguse kwa sekunde 2 au 3. Ukikawia, plastiki ya ndani inayeyuka na pini zinalegea. Kibano kikamate ganda la nje, kisikamate waya. Pima tena, tikisa tena. Pini zote za mashine zimesafishwa kwa pamba na spiriti ya isopropili.

Siku ya 3, Jumatano mchana. Umeme

Matumizi ya kawaida yanakuwa hivi: spika kuu wati 500, besi 600, monita 480, spika ndogo 320, miksa na ruta 60. Jumla wati 1,960. Msondo na vumi zikipigwa pamoja mahitaji yanaweza kupanda maradufu kwa muda mfupi, kwa hivyo tunahitaji kilowati 4 zilizo tayari. Jenereta ya kVA 5 kwa kigawo cha nguvu cha 0.8 inatoa hizo hizo 4, bila akiba yoyote zaidi. Jenereta ya inveta imechaguliwa kwa sababu umeme wake ni tulivu. Miksa ya dijitali ikipata umeme unaoyumba hujizima na kujiwasha, na kujiwasha huko huchukua zaidi ya nusu dakika, ngoma imeshapoa.

Jenereta itakaa mita 40 kutoka jukwaani, upande ambao upepo unaondoa ngurumo yake. Hapo unene wa waya ndio unaoamua. Kwa mzigo wa ampea 16, waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa ekstensheni za nyumbani, unakula volti 15 na nusu njiani. Waya wa milimita 4 unakula volti 6. Tumechukua wa milimita 4. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjuliwe yote hata kama nusu yake inalala bure chini, kwa sababu ikiachwa imeviringwa inajipasha moto yenyewe mpaka ganda linayeyuka.

Mbele ya kila kitu kuna swichi ya usalama inayokata kwa miliampea 30. Jenereta nyingi ndogo haziungi nyutro na ardhi, na bila muungano huo swichi haiwezi kuona umeme unaovuja kwenda mwilini mwa mtu. Fundi umeme mwenye leseni ameufanya muungano huo na ameleta nondo ya ardhi ya kupigiliwa. Wachezaji wetu wako pekupeku, wana jasho, wanakanyaga udongo wenye chumvi. Hakuna mahali ambapo umeme mbovu unaua upesi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asikate pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo una dawa yake: kisanduku cha DI (cha kuunganishia chombo na miksa) chenye swichi ya kutenganisha ardhi kwenye upande wa sauti.

Siku ya 3, Jumatano jioni. Maiki na ngozi

Jaribio la kwanza na wapigaji wote, uwanja wa wazi, saa 1 usiku.

Msondo umewekewa maiki mbili. SM57 inasimama sentimita 6 juu ya ukingo wa ngozi ikielekea katikati, na D112 inakaa kwenye tundu la chini, nje kidogo. Mkono ukishuka, ngozi inaikimbia maiki ya juu na hewa inaisukuma maiki ya chini, kwa hivyo chaneli moja lazima igeuzwe fazi, yaani kusukuma kwake kuwe kuvuta. Jaribu pande zote mbili ukisikiliza, na uchague ule unaoleta uzito. Maiki ya juu imekatwa besi chini ya hezi 100, ya chini imekatwa chini ya 40.

Chapuo, ngoma ndogo, imesumbua. Vibano vya maiki vinavyouzwa madukani vimeundwa kukamata ukingo wa chuma, na chapuo haina chuma. Ina ngozi iliyowambwa kwa kamba na vigingi. Kibano kinateleza kwa mapigo ishirini. Ufumbuzi ni mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukanda wa upana wa sentimita 3 ukizungushwa mara mbili kwenye mwili wa ngoma, na kibano kinauma ule mpira. Hauachi alama kwenye mti, na unazuia mtikisiko wa mwili usipande kwenye maiki.

Zumari halihitaji maiki. Sauti yake inaingia kwenye kila maiki iliyo wazi ndani ya mita 5 na ikiongezwa inamfunika manju, kwa kuwa zumari na maneno ya mwimbaji vinagombea sehemu moja ya sikio. Mpiga zumari ameombwa asisimame mbele ya stendi za waimbaji, basi.

Kayamba inadanganya macho. Mshale wa miksa unaonyesha kidogo, lakini mbegu zinapogonga matete zinatoa mipasuko mifupi sana inayopita kipimo kabla mshale haujainuka. Geini, yaani nguvu ya kupokea ya maiki, imewekwa ili mipasuko isipite desibeli 12 chini ya kikomo, maiki iko mita 1 juu ya mpigaji, besi imekatwa chini ya hezi 300.

Njuga ndizo zilizofanya kazi vizuri kuliko tulivyotazamia. Maiki 2 za sakafuni zimebandikwa kwa tepu ya kitambaa kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa, chini yake kipande cha ndara kuukuu cha unene wa sentimita 1 ili kishindo cha mbao kisipande. Miguu ikishuka pamoja unasikia chuma, husikii mbao.

Kasoro kubwa ya jioni: tulipanga sauti saa 1, na saa 2 na nusu haikuwa sauti ile. Umande wa bahari umelegeza ngozi, msondo umeshuka, na chapuo ikawa inalia kama debe. Wapigaji wakaziotesha ngoma moto wa makumbi ya nazi kwa dakika 10, zikapanda juu kupita zilivyokuwa mwanzo. Kanuni tangu leo: hakuna kujaribu sauti kabla ngoma hazijaota moto, na ngoma zirudishwe motoni kati ya mchezo na mchezo. Ikwaliza, chombo cha kupandisha na kushusha besi na sauti kali, haiwezi kuikaza ngozi iliyolegea.

Siku ya 4, Alhamisi. Barabarani na majini

Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, zaidi ya kilomita 200. Tumefika saa 6 mchana, na huo ulikuwa wakati mbaya. Mwezi mpevu ulikuwa Jumatatu, bamvua bado lina nguvu, na saa 6 maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Boti imekaa chini sana ya gati, ngazi za chini zina ukoga, na kushusha sanduku la kilo 32 kwa watu wawili kwenye utelezi ni kulitafutia bahari. Mzigo umesubiri kivulini mpaka saa 9, maji yakiwa nusu, ukapakiwa kwa dakika 25 bila kulowa.

Nahodha alisema jambo ambalo limeingia kwenye utaratibu wetu: masanduku ya spika yalale katikati ya boti na turubai lipite chini yake kabla ya kupita juu, kwa sababu maji ya kwanza hutoka sakafuni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo maiki zimefungwa kwenye makopo ya plastiki ya vifuniko vya kukaza, kila moja na pakiti 2 za silika, chembe za kunyonya unyevu.

Siku ya 5, Ijumaa. Mkunguni

Kazi haikuanza mpaka saa 8, baada ya swala ya Ijumaa. Jukwaa la kwanza lilipangwa likielekea Ngome ya Lamu, watazamaji wakae katikati. Ngome ilikamilika mwaka 1821 na kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, pana na zimesimama wima. Kwa macho mandhari ni nzuri. Kwa masikio haikukubali.

Kikundi kilipoanza chakacha, safu ya mbele ilikuwa sawa na safu ya nyuma ikachelewa. Monita zikaongezwa; safu ya nyuma ikachelewa zaidi. Wachezaji hawakukosea. Ukipiga kofi moja mahali pa safu ya nyuma na kunyamaza, ukuta unakurudishia kofi la pili lililo wazi kabisa. Kutoka spika kuu hadi ukutani ni mita 22, kwenda na kurudi mita 44. Hewa ya nyuzi 30 inasafirisha sauti kwa mita 349 kwa sekunde, kwa hivyo mwangwi unarudi baada ya milisekunde 126.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofichua tatizo. Chakacha ya kikundi hiki inakwenda mapigo 160 kwa dakika, pigo moja milisekunde 375, na kila pigo limegawanywa mara tatu: 125. Mwangwi ulikuwa unaangukia juu ya theluthi ya pigo, karibu sawasawa kabisa. Mchezaji hawezi kuutambua kama mwangwi, kwa sababu unalia kama mpigaji wa saba. Ungeangukia pabaya, sikio lingeukataa. Umeangukia pazuri, mguu umeufuata.

Kuongeza sauti ya spika kuu kulikuwa kunaulisha ukuta. Tumezima kila kitu na kuahirisha mpaka asubuhi.

Siku ya 6, Jumamosi asubuhi. Kupanga upya

Jukwaa limegeuzwa. Sasa Ngome iko nyuma ya wapigaji, umbali wa mita 1 na nusu, na sauti inatoka kuelekea baharini. Ukuta ule ule uliotuharibia jana leo unatusaidia: mwangwi wake unarudi baada ya milisekunde 9, na sikio linauchanganya na pigo lenyewe, ngoma inanenepa. Hakuna kilichoegemezwa wala kupigiliwa ukutani. Ngome ni makumbusho, na mji mzima wa kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Stendi zimesimama kwa mifuko ya mchanga.

La pili, na hili ndilo tunalotaka lifuatwe popote kikundi kiendapo, ni kuhamisha mahali pa kuanzia kupima. Kwa kawaida mafundi wanapima muda kutoka spika kuu. Kwenye ngoma hilo halifai, kwa sababu msondo wenyewe una sauti kubwa uwanjani hata umeme ukizimwa, na mchezaji anamtazama mpigaji. Spika ikitangulia ngoma, mchezaji anasikia pigo mara mbili na anaona mkono ukishuka kwa wakati wa tatu. Kwa hivyo ngoma ndiyo sifuri. Spika zote zinaisubiri.

Utaratibu: chora alama ya chaki pale msondo unaposimama. Vuta futi ya mkanda kutoka alama hiyo hadi kila spika. Gawanya mita kwa 0.349, unapata milisekunde. Spika kuu ziko mita 4 mbele ya alama, kwa hivyo zinacheleweshwa milisekunde 11 na nusu.

Monita za safu ya mbali zina hesabu yake. Mchezaji yuko mita 10 kutoka msondo, monita iko mita 2 kutoka kwake. Tofauti ni mita 8, yaani milisekunde 23. Bila kucheleweshwa, monita inampa pigo milisekunde 23 kabla ya ngoma, na hiyo ndiyo ile sauti ya "kata-kata" waliyokuwa wakilalamikia wachezaji tangu Malindi nasi tukidhani ni kelele ya njuga. Baada ya kuweka 23, monita imeshushwa desibeli 4 na bado wanasema wanasikia vizuri kuliko jana.

Spika ndogo za pembeni zinawahudumia waliokaa mbali. Msikilizaji yuko mita 20 kutoka msondo na mita 3 kutoka spika ndogo: tofauti mita 17, milisekunde 49. Hapo tumeongeza 10 zaidi, zikawa 59, ili sauti ya ngoma itangulie kidogo na sikio liendelee kuamini kwamba inatoka jukwaani. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Anayekaa pembeni asione kisanduku kinampigia ngoma masikioni, aone wapigaji.

Baada ya kupanga muda ndipo tukashughulikia mluzi, ule unaotokea maiki inaposikia spika yake. Feda (vitelezi vya kupandisha sauti) za waimbaji zikapandishwa polepole mpaka mluzi wa kwanza, sauti yake ikatafutwa kwenye ikwaliza na kukatwa desibeli 4, kisha wa pili, kisha wa tatu. Tumeishia hapo na kushusha zote desibeli 6. Anayekata zaidi ya mahali 5 anaichuna sauti ya manju. Ni heri asogeze monita. Monita za SM58 zimekaa nyuma kabisa ya maiki, ambako maiki hizo hazisikii. Maiki zisizotumika kwenye mchezo fulani zimezimwa kwa kundi: kila ukipunguza nusu ya maiki zilizo wazi unapata desibeli 3 za nafasi.

Siku ya 6, Jumamosi alasiri. Onyesho

Muda uliochaguliwa: saa 10 na robo hadi saa 12 kasorobo, baina ya swala ya alasiri na magharibi. Una faida tatu. Hauingiliani na adhana; jua linaziweka ngozi kavu; na unamalizika kabla ya saa 2 usiku, ambapo kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaanza kuhesabu usiku na viwango vinashuka sana. Kibali cha kelele kilishaombwa. Kitufe kimoja cha kuzima kila kitu kimewekwa kwenye tableti na kingine cha mkono kwenye jukwaa, kwa ajili ya adhana peke yake, kama mchezo utavuta muda.

Vugo iliingia kwa msafara kutoka kichochoroni, na kondensa mbili zilizoinuliwa mita 2 zilipokea pembe bila kumfuata mtu. Kirumbizi kilikuwa na hatari nyingine: fimbo. Kebo yoyote iliyo juu ya ardhi itanaswa. Zote zimepitishwa nyuma ya wapigaji na zile mbili za maiki za sakafuni zimefunikwa zulia la mpira lililobandikwa pande nne.

Saa 10 na nusu tableti iliachana na miksa. Uwanja ulikuwa umejaa simu, na miili ya watu hunyonya mawimbi ya ruta iliyo chini ya meza. Miksa inaendelea kupitisha sauti hata tableti ikikatika, kwa hivyo hadhira haikujua, lakini kwa dakika 2 hakuna aliyeweza kugusa feda. Kebo ya mtandao ya mita 30 ilikuwa tayari na ikachomekwa. Marekebisho: ruta iwe kwenye stendi ya mita 2 na nusu, mawimbi ya gigahezi 5 tu, na kebo ichomekwe tangu mwanzo badala ya kukaa sandukuni.

Safu ya nyuma haikuchelewa hata mara moja. Tulisimama nyuma yake chakacha yote tukitazama visigino.

Siku ya 7, Jumapili. Shela

Boti iliondoka kabla ya saa 3 asubuhi, maji yamejaa. Ufukweni hakuna ukuta, kwa hivyo hakuna mwangwi, na hakuna msaada wa ukuta pia. Besi zimesogezwa zikagusana katikati ili zisaidiane. Msondo uko mita 3 nyuma ya spika kuu: milisekunde 8 na nusu. Hesabu zote nyingine zimerudiwa kwa futi, hakuna namba ya jana iliyobebwa.

Upepo ndio kazi ya hapa. Sauti inayokwenda na upepo hupinda kushuka na kufika mbali. Inayokwenda kinyume hupinda kwenda juu na kuwapita watu vichwani. Spika zimeelekezwa upepo unakokwenda, na watazamaji wakaombwa wahamie upande huo. Kila maiki ina soksi ya sponji, hata za ngoma, na besi za waimbaji zimekatwa chini ya hezi 150.

Mchanga umeingia kwenye vitufe viwili vya kuzungusha vya monita. Kesho vinafunguliwa.

Siku ya 9, Jumanne. Malindi tena

Mashua ya kurudi Mokowe iliondoka jana saa 4 asubuhi, gati liko usawa wa maji, kupakia dakika 15.

Leo kila jeki imefutwa kwa isopropili, nyavu za SM58 zimefunguliwa, sponji zimeoshwa kwa maji baridi na sabuni na zinaanikwa kivulini. Spika zimefutwa kwa kitambaa chenye maji matamu kilichokamuliwa sana, kisha kikavu. Chumvi haitoki kwa kitambaa kikavu, inasuguliwa tu kuingia kwenye skrubu. Silika imekaushwa kwenye oveni kwa moto mdogo na kurudishwa makoponi.

Yaliyobaki kabla ya safari ijayo: kununua mpira mpya wa tairi kwa chapuo, kubadilisha jeki 2 za monita zilizopigwa na mawimbi, kupata DI ya tatu, na kupaka alama ya rangi nyeupe kwenye guu la msondo, pale pale ambapo ncha ya futi inawekwa.